Oktoba 13, Chicago: Ukiwa na Muda wa Mbio Moja tu, Utazame Ipi?

Rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake imevunjwa Chicago mara tatu katika tarehe ileile ya Oktoba 13. Paula Radcliffe wa Uingereza aliivunja mwaka 2002, Brigid Kosgei wa Kenya mwaka 2019, na Ruth Chepng'etich, Mkenya mwingine, mwaka 2024. Tarehe moja, mji mmoja tambarare, kuanzia na kumalizia bustani ya Grant Park, umbali uleule wa kilomita 42.195. Ni nadra historia ya michezo kukupa mizani iliyokaa sawa namna hii. Kwa kawaida tukilinganisha rekodi tunabishana kwanza kuhusu njia, jua na msimu. Hapa sehemu kubwa ya ubishi huo imeshaondolewa.

Kwa hiyo swali langu ni dogo na la vitendo. Kama una jioni moja ya kutafuta picha za zamani, au una vijana wa riadha unaotaka kuwaonyesha marathoni moja wakaelewa mchezo huu ni nini, uchague ipi kati ya hizi tatu? Jibu langu linategemea unatafuta nini, ingawa mimi mwenyewe nina chaguo langu na sitalificha.

Kwanza takwimu, tuziweke kando kwa kando:

| | Radcliffe 2002 | Kosgei 2019 | Chepng'etich 2024 |
|---|---|---|---|
| Muda | 2:17:18 | 2:14:04 | 2:09:56 |
| Rekodi iliyovunjwa | 2:18:47 | 2:15:25 | 2:11:53 |
| Kiasi kilichopunguzwa | dakika 1:29 | dakika 1:21 | dakika 1:57 |
| Kasi kwa kilomita | kama 3:15 | kama 3:11 | kama 3:05 |
| Mshindi wa pili | Catherine Ndereba, 2:19:26 | Ababel Yeshaneh, 2:20:51 | Sutume Kebede, 2:17:32 |
| Pengo na wa pili | dakika 2:08 | dakika 6:47 | dakika 7:36 |

Ukitaka kuona miaka 22 kwa macho ya akili, waweke wote watatu barabarani pamoja, kila mmoja na kasi yake ya siku ile. Chepng'etich anapokata utepe, Kosgei bado ana kilomita moja na mita kama mia tatu za kukimbia. Radcliffe yuko kilomita mbili na ushei nyuma, hata ule mwinuko mfupi wa barabara ya Roosevelt, unaowachosha watu karibu na mwisho, hajaufikia.

Ukiishia kwenye safu ya kwanza ya jedwali, kazi imekwisha: chukua 2024. Mimi naomba usome safu ya mwisho.

Kwa nini tarehe hii

Si uchawi. Katika miaka hii tunayoizungumzia, Marathoni ya Chicago imekuwa ikifanyika Jumapili inayotangulia Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo Marekani ni sikukuu ya Columbus. Piga hesabu utaona kwamba Jumapili hiyo haiwezi kuwa kabla ya tarehe 7 wala kupita tarehe 13. Oktoba 13 ndiyo ukingo wa mwisho wa kalenda ya mbio hizo. Tangu 2002 imeangukia Jumapili mara nne tu: 2002, 2013, 2019 na 2024. Mara tatu kati ya nne, rekodi ya dunia ilianguka. Hata ile ya 2013 haikupita kimya, maana Dennis Kimetto aliweka rekodi mpya ya njia hiyo kwa wanaume, saa 2:03:45. (Upande wa wanawake alishinda Rita Jeptoo, ambaye mwaka uliofuata alinaswa na EPO, dawa iliyopigwa marufuku inayoongeza chembe nyekundu za damu. Suala hilo tutalirudia.)

Ukingo wa upande wa pili, tarehe 7, una hadithi zake pia. Oktoba 7, 2001 ndipo Ndereba alipoweka hiyo 2:18:47 ambayo Radcliffe alikuja kuivunja. Oktoba 7, 2007 joto lilikuwa kali kiasi kwamba waandaaji walilazimika kusimamisha mbio kabla maelfu ya watu hawajamaliza. Siku sita za tofauti kwenye kalenda hazitoshi kuahidi baridi, kwa hiyo sitaki mtu aseme tarehe 13 ina baraka. Inayofuata kuangukia Jumapili ni ya mwaka 2030, kwa wenye kupenda kuweka alama mapema.

2024: namba

Nianze na ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayovuta macho kwanza na ndiyo yenye kazi kubwa zaidi ya kuelezwa.

Chepng'etich alipita kilomita tano za kwanza kwa dakika 15 kamili. Kilomita kumi alizipita kwa dakika 30:14. Nusu ya mbio aliifikia kwa saa 1:04:16, muda ambao wakimbiaji wengi wazuri wa nusu marathoni hawajawahi kuugusa hata wakikimbia nusu peke yake. Kila mwenye kujua marathoni alisubiri kuona lini miguu itakataa. Nusu ya pili alipunguza kasi, ndiyo, lakini kidogo tu: saa 1:05:40. Akamaliza 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi, tena rekodi ilitoka 2:11 bila hata kupitia kituo cha 2:10. Tigst Assefa wa Ethiopia alikuwa ameiacha rekodi kwenye 2:11:53 pale Berlin, Septemba 2023, na watu walikuwa bado hawajaizoea hiyo.

Mwenyewe aliitoa zawadi kwa Kelvin Kiptum, mwenzake wa Kenya, aliyekuwa ameweka rekodi ya wanaume ya 2:00:35 palepale Chicago mwaka mmoja kabla, Oktoba 8, 2023, kisha akafariki katika ajali ya gari Februari 2024. Kwa mtu anayejua hilo, mita mia za mwisho zina uzito wa aina yake.

Pia haikuwa bahati ya siku moja. Mwaka 2022, katika njia hiyohiyo, alikimbia 2:14:18 na kukosa rekodi ya Kosgei kwa sekunde 14 tu. Alikuwa bingwa wa dunia wa Doha 2019, mbio zilizokimbiwa usiku wa manane kwa sababu ya joto.

Halafu kuna upande mwingine. Palepale kwenye mkutano na wanahabari, kabla jasho halijakauka, aliulizwa swali kuhusu dawa. Alijibu kwamba watu lazima waseme. Rekodi iliidhinishwa Desemba 2024. Machi 14, 2025 alitoa sampuli iliyokutwa na hydrochlorothiazide, dawa ya kutoa maji mwilini ambayo imepigwa marufuku kwa sababu inaweza kutumika kuficha dawa nyingine. Oktoba 2025, Kitengo cha Uadilifu katika Riadha (AIU) kilimfungia miaka mitatu. Matokeo yake ya kuanzia siku ile ya sampuli yalifutwa. Yale ya kabla yake, pamoja na 2:09:56, hayakuguswa.

Hapo ndipo kila mtazamaji anabaki na dhamiri yake. Kisheria rekodi ni yake, na sampuli iliyomponza ni ya miezi mitano baada ya Chicago. Sina haki ya kuandika zaidi ya hayo, wala wewe huna haki ya kujifanya hukuyasikia. Ukiichagua mbio hii uwaonyeshe vijana, ujiandae kwa swali litakalofuata, na usilikwepe. Wengine wataona hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuichagua. Kama mazungumzo unayotaka ni kuhusu imani na ushahidi, hakuna mbio inayoyafungua vizuri zaidi.

Kama mbio ya kutazama tu, hata hivyo, ina kasoro ya wazi. Baada ya nusu hakuna mpinzani. Unatazama mwanamke mmoja, wadhibiti kasi wake (wakimbiaji waliowekwa kumwongozea kasi), na saa. Ni msisimko wa namba, na namba hiyo ukishaijua kabla ya kuanza kutazama, nusu ya utamu imekwenda.

2019: kupokezana kijiti

Kosgei ana kisa cha kusikitisha kidogo cha kalenda. Siku moja kabla yake, Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikuwa amekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna. Haikuwa rekodi rasmi, maana ilikuwa na wadhibiti kasi wa kupokezana na mpangilio usioruhusiwa na kanuni, lakini dunia nzima ilikuwa inaizungumzia. Kosgei akaamka Jumapili, akafanya jambo lililokuwa rasmi kabisa, na magazeti mengi yakampa nafasi ya chini ya Kipchoge. Na haikuwa Kipchoge tu. Jumapili hiyohiyo, Simone Biles alimaliza mashindano ya dunia ya jimnastiki ya Stuttgart akiwa na medali 25, akimpita Vitaly Scherbo aliyekuwa na 23. Na Japani iliifunga Scotland 28-21 kwenye Kombe la Dunia la raga na kuwa timu ya kwanza ya Asia kufika robo fainali. Ilikuwa wikendi ya foleni.

Alichokifanya Kosgei ni kuvunja kitu kilichodhaniwa hakivunjiki. Ile 2:15:25 ya Radcliffe, aliyoiweka London Aprili 13, 2003 (tarehe 13 tena, anayependa kuhesabu na ahesabu), ilikuwa imekaa miaka 16 na miezi sita. Kizazi kizima cha wakimbiaji kilikuja na kustaafu bila kuikaribia. Mary Keitany, aliyekimbia 2:17:01 mwaka 2017, ndiye aliyekuwa amesogea zaidi, na bado alikuwa na zaidi ya dakika moja na nusu za kutafuta. Kosgei, akiwa na miaka 25 na mama wa mapacha, aliivunja kwa sekunde 81.

Jinsi alivyoivunja ndiyo inayonipendeza. Nusu ya kwanza 1:06:59. Nusu ya pili 1:07:05. Sekunde sita za tofauti katika zaidi ya saa mbili! Kocha yeyote anayefundisha mgawanyo wa nguvu hana haja ya kuchora ubaoni, aonyeshe hii. Ukiilinganisha na ya 2024, ambapo nusu ya pili ilikuwa taratibu kwa dakika moja na sekunde 24, unaona tabia mbili tofauti kabisa: mmoja anakopa mapema na kulipa baadaye, mwingine anatumia kidogokidogo hadi mfuko unaisha mlangoni.

Na Radcliffe alikuwepo. Alikuwa Chicago siku ile na alimpongeza Kosgei baada ya kumaliza. Mwenye rekodi kushuhudia rekodi yake ikiondoka ni jambo ambalo marathoni hailitoi mara nyingi.

Hata hivyo, mbio hii nayo ina swali lake, na swali ni la miguuni. Kosgei alivaa Nike Vaporfly Next%, viatu vya soli nene ya povu jepesi na bamba la kaboni ndani. Radcliffe alikuwa amekimbia na viatu vya soli nyembamba vya zama zake. Miezi mitatu na ushei baada ya Chicago, mwishoni mwa Januari 2020, Shirikisho la Riadha Duniani lilitoa kanuni: soli isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja. Kiatu cha Kosgei kilikuwa halali siku ile na kimebaki halali. Lakini nani kati yenu anaweza kusema sekunde 81 ni za mwanamke ngapi na za kiatu ngapi? Mimi siwezi. Chepng'etich naye alikimbia katika zama hizohizo za soli nene, kwa hiyo muda wa 2019 na wa 2024 unalinganishika kwa urahisi kuliko ule wa 2002 na mwingine wowote.

Na upweke pia upo. Yeshaneh alifika karibu dakika saba baadaye.

2002: mbio

Sasa safu ya mwisho niliyokuomba usome. Mwaka 2002, mshindi wa pili alikuwa Catherine Ndereba. Yaani mwenye rekodi. Mwanamke ambaye 2:18:47 ilikuwa yake, aliyekuwa ameshinda Chicago 2000 na 2001, alikuwa kwenye mstari wa kuanzia kuilinda. Mwaka 2019 Radcliffe alikuwa mtazamaji aliyestaafu. Mwaka 2024 Assefa hakuwepo. Kati ya Oktoba 13 tatu, ni hii peke yake ambayo rekodi ilinyang'anywa mbele ya mwenyewe, barabarani, na miguu yake ikiwa inakimbia.

Tena Ndereba hakuanguka. Alikimbia 2:19:26. Kumbuka hali ilivyokuwa: hadi Septemba 2001 hakuna mwanamke aliyekuwa ameshuka chini ya 2:20. Naoko Takahashi wa Japani alifungua mlango kwa 2:19:46 pale Berlin Septemba 30, na rekodi yake ikadumu wiki moja tu kabla Ndereba hajaichukua. Kwa hiyo muda alioshindwa nao Ndereba mwaka 2002 ungekuwa rekodi ya dunia mwaka mmoja na siku chache tu kabla. Mshindi wa pili mwenye muda wa aina hiyo! Linganisha na 2019 na 2024, ambako wa pili alikuwa kwenye mashindano mengine kabisa.

Radcliffe naye alikuwa katika marathoni yake ya pili tu maishani. Ya kwanza, London Aprili 2002, alikimbia 2:18:56. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa uwanjani na mbio za nyika, bingwa wa dunia wa nyika 2001 na 2002, anayejulikana kwa kichwa kinachotikisika kila hatua kana kwamba anakubaliana na mtu asiyeonekana. Wasioipenda staili hiyo walisema itamchosha. Chicago ilijibu.

Kwa nini basi mbio hii imesahaulika? Kwa sababu aliyeifunika ni yeye mwenyewe. Miezi sita kamili baadaye, London, alikimbia 2:15:25, na tangu hapo kila anayetaja Radcliffe anataja hiyo. Ile ya Chicago ikabaki daraja la kupitia. Naona ni dhuluma. Kule London alikuwa na wadhibiti kasi wanaume waliopangwa kwa ajili yake, na alikuwa anashindana na saa. Chicago alikuwa na Ndereba.

Kuhusu imani, haki itendeke pande zote. Radcliffe alikuwa sauti kali dhidi ya dawa, mwaka 2001 alinyanyua bango dhidi ya watumiaji wa EPO kwenye mashindano ya dunia ya Edmonton. Hilo halikumkinga. Mwaka 2015 tetesi kuhusu takwimu za damu yake zilifika hadi kwenye kamati ya bunge la Uingereza, akazikanusha, na mamlaka ya kupambana na dawa ya nchi hiyo ikasema hana kesi ya kujibu. Ninayataja ili mtu asiseme namkagua Mkenya na kumwacha Mwingereza.

Kisa kingine cha karatasi: mwaka 2011 shirikisho lilitaka kuziondolea hadhi ya rekodi nyakati za wanawake zilizopatikana pamoja na wanaume, likarudi nyuma kabla mwaka haujaisha. Kama uamuzi ule ungesimama, hakuna hata moja kati ya hizi tatu ingehesabika kuwa rekodi ya dunia kamili. Zote ni za mchanganyiko. Kwenye kipengele hicho wako sare.

Basi, chagua

Kama unataka kuona binadamu amefika wapi, na huogopi mabishano, ni 2024. Tazama kilomita kumi za kwanza, ndizo za kichaa.

Kama unafundisha, au wewe mwenyewe unajiandaa kwa marathoni na unataka kujifunza kugawa nguvu, ni 2019, bila kusita. Ni mbio safi kwa mpangilio kuliko zote.

Kama unapenda besiboli, Oktoba 13 ina mgombea wa nne, na utakuwa umeshanikasirikia kwa kuchelewa kumtaja: Bill Mazeroski wa Pittsburgh, mwaka 1960, aliyemaliza mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Yankees kwa pigo la mwisho, 10-9. Sijaiweka kwenye jedwali kwa sababu huwezi kupima pigo moja kwa mizani ya kilomita 42.

Lakini kama unataka kutazama mashindano, watu wawili bora kabisa duniani wakiwa barabara moja, ni 2002. Hilo ndilo chaguo langu, na najua baadhi ya Wakenya watanuna kuona nimewaruka Wakenya wawili walioshinda nikaenda kwa Mwingereza. Sijawaruka. Nimeenda huko kumfuata Mkenya wa tatu. Ukizipata picha za siku ile, usizime Radcliffe anapokata utepe. Subiri dakika mbili na sekunde nane, umwone Ndereba akiingia.